Mjumbe wa Riruta: Maswali Yake na Kura Zake

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wasikilizaji wa mjini na wa mashambani, juu ya kazi ya mjumbe katika baraza la kutunga sheria. Mfano uliochaguliwa ni wa Bwana Eliud Wambu Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya.



Mtu akitoka katikati ya mji wa Nairobi, akaishika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, kisha akapinda kulia na kuifuata Naivasha Road, hufika Riruta. Siku hizi Riruta ni mtaa wa mji, wenye maduka, matatu, nyumba za ghorofa na watu wengi mno. Lakini mwaka 1910 palikuwa mashamba na malisho katika wilaya ya Kiambu, na mji wenyewe wa Nairobi ulikuwa bado mchanga, kwa maana reli ilifika pale mwaka 1899 tu. Mwaka huo wa 1910 ndipo alipozaliwa Riruta mtoto ambaye baadaye watu wote wa Kenya walilijua jina lake: Eliud Wambu Mathu.

Mtoto huyo alichunga mifugo kama watoto wenzake, kisha akaingia shule ya Misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu. Shule ya Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Baadaye akaenda Fort Hare, Afrika ya Kusini, kisha Uingereza, akasoma Exeter na Balliol katika chuo kikuu cha Oxford. Aliporudi alikuwa mwalimu Alliance, kisha akawa mwalimu mkuu upande wa Dagoretti, karibu na kwao. Habari za masomo yake ni nyingi na zingeweza kujaza mazungumzo mazima, lakini hazikukusudiwa leo. Jambo lililokusudiwa ni moja: mtu huyu alifanya nini alipopata kiti katika Baraza, na sisi tuliokuja baadaye twaweza kujuaje?

BARAZA LISILO NA MWAFRIKA

Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka 1907. Tangu siku hiyo mpaka mwaka 1944, yaani miaka thelathini na saba, hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi ndani yake. Wazungu walipata kuchagua wajumbe wao, nao tangu mwaka 1920 walikuwa 11. Wahindi walikuwa na viti 5 vya kuchaguliwa. Waarabu walikuwa na kiti kimoja cha kuchaguliwa. Waliosalia walikuwa maofisa wa Serikali, na hao walikuwa wengi kuliko wote.

Na Waafrika je? Mambo yao yalisemwa na Mzungu aliyeteuliwa na Gavana, na kwa kawaida alikuwa mtu wa misheni. Wa kwanza alikuwa Dr. John Arthur wa Misheni ya Scotland, mwaka 1924. Baada ya miaka kumi akaongezwa mwingine, wakawa wawili. Yawezekana kabisa kwamba mabwana hao walikuwa na nia njema, na wengine walijua lugha za wenyeji barabara. Padre Leonard Beecher, aliyeteuliwa mwaka 1943, alizungumza Kikikuyu kama mwenyeji. Lakini kusemewa si kusema. Mtu anayesemewa hawezi kumsahihisha msemaji wake mpaka apate habari ya yale yaliyosemwa, na katika siku zile habari hizo zilichukua muda mrefu kufika kijijini, kama zilifika.

Mwezi Oktoba mwaka 1944 Gavana Sir Henry Moore alimteua Bwana Mathu kuwa mjumbe. Hakuchaguliwa kwa kura za watu. Jambo hili ni la kukumbukwa, maana ndilo lililoleta taabu yake ya baadaye: kiti chake alikipata kwa mkono wa Gavana, bali kazi yake ilikuwa kuwasemea watu ambao hawakupewa nafasi ya kumchagua wala kumkataa. Mwezi huo huo Waafrika wenye elimu walikutana Nairobi wakaanzisha chama, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpa mjumbe huyo shauri na habari kutoka kila jimbo. Bwana Harry Thuku alikuwa mwenyekiti wa kwanza, na Bwana Francis Khamisi akawa katibu. Chama hicho ndicho Kenya African Union, ingawa kwa muda kililazimika kujiita chama cha kujifunza, ili kisionekane kuwa cha siasa. Hivyo mjumbe mmoja alikuwa na watu nyuma yake wa kumkusanyia habari. Mjumbe asiye na watu wa namna hiyo huuliza maswali ya kubahatisha.

SWALI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mjumbe ni kusimama na kutoa hotuba ndefu. Hotuba ina mahali pake. Lakini wanaoijua kazi ya mabaraza husema kwamba silaha kali ya mjumbe asiye na wenzake wengi ni swali.

Desturi yenyewe ilitoka Bunge la Uingereza, na katika siku za Bwana Mathu ilikuwa hivi. Mjumbe huandika swali lake na kumpelekea Karani wa Baraza siku kadhaa kabla ya mkutano. Swali hupewa nambari, hupigwa chapa katika orodha ya shughuli za siku, na hupelekwa kwa ofisa mkubwa anayehusika: la shule kwa Mkurugenzi wa Elimu, la wenyeji na ardhi yao kwa Kamishna Mkuu wa Mambo ya Wenyeji. Ofisa huyo hawezi kulitupa kapuni. Hana budi kuwauliza watu wake walioko wilayani, kuwakusanyia habari, na kuandika jibu. Siku ikifika, mjumbe husimama na kutaja nambari ya swali lake, na ofisa husimama na kusoma jibu mbele ya watu wote. Kisha mjumbe ana haki ya kuuliza swali la nyongeza, papo hapo, bila kuliandika. Hapo ndipo ofisa asiyejitayarisha hutokwa na jasho.

Tazama basi nguvu iliyomo. Mathalani mjumbe akiuliza: Je, Serikali itasema ni watoto wangapi wa Kiafrika waliomo shuleni mwaka huu, na ni shilingi ngapi zimetumika kwa kila mtoto wa kila taifa? Swali hilo halimtukani mtu. Halina neno hata moja la fitina. Lakini jibu lake, likiwa la kweli, ni hotuba kali kuliko hotuba yoyote, na limetoka kinywani mwa Serikali yenyewe. Hakuna awezaye kusema baadaye kwamba hesabu ile ilitungwa na wachochezi.

Na tena kila neno huandikwa. Kuna waandishi wanaokaa Barazani kwa kazi hiyo tu, na maandishi yao hupigwa chapa katika kitabu kiitwacho Hansadi, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano. Swali limo, jibu limo, jina la aliyeuliza limo, na tarehe imo. Serikali ikiahidi Barazani kwamba jambo fulani litaangaliwa, ahadi hiyo hukaa kitabuni ikingoja mtu wa kuifungua baada ya mwaka mmoja na kuuliza: Lile jambo mlilosema mtaliangalia, mmeliangalia?

Bwana Mathu aliielewa kazi hii kwa sababu alikuwa mwalimu. Mwalimu hajui kuchoka kuuliza. Kwa miaka zaidi ya kumi na miwili aliuliza na kusema juu ya ardhi, juu ya maskwota katika mashamba ya Wazungu, juu ya mishahara ya watumishi Waafrika waliofanya kazi ile ile wakalipwa kidogo, juu ya shule, juu ya askari waliorudi kutoka vitani Burma na kwingineko wakakuta hawana mahali pa kulima, na juu ya ubaguzi wa rangi. Waliomsikia walisema kwamba Kiingereza chake kilikuwa safi na kwamba hakupandisha sauti bure. Hilo liliwaudhi zaidi baadhi ya wapinzani wake, kwa maana mtu anayepiga kelele ni rahisi kumpuuza.

HESABU YA KURA

Swali ni jambo moja, na kura ni jambo lingine. Hapa yafaa kueleza kidogo, kwa kuwa wengi husikia kwamba mjumbe fulani "alipiga kura" na hawajui ilivyofanyika.

Jambo likiisha kujadiliwa, mwenye kiti huuliza Baraza. Wanaokubali husema "Ndiyo" kwa pamoja, na wanaokataa husema "La". Mwenye kiti husikiliza na kutangaza upande ulioshinda. Kura ya namna hii haiachi alama ya mtu. Katika Hansadi huandikwa tu kwamba jambo lilipita. Lakini wajumbe wakitaka, huomba kura ya kugawanyika. Hapo majina huchukuliwa moja moja, na huandikwa kitabuni: hawa walikubali, hawa walikataa, na hawa hawakupiga. Mtu mdogo kabisa katika Baraza, ajuaye kwamba atashindwa, bado aweza kutaka majina yaandikwe. Hashindi siku ile, lakini hakuna tena awezaye kujificha katika kelele za wengi.

Sasa fikiri hali ya Bwana Mathu mwaka 1944. Maofisa wa Serikali walikuwa wengi, nao hawakupiga kura kwa mapenzi yao. Walipiga kama Serikali ilivyoagiza. Wajumbe 11 wa Wazungu walikuwa na watu wao wa kuwatetea. Mwafrika alikuwa mmoja, pamoja na Padre Beecher. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba Waafrika wa Kenya walikuwa zaidi ya milioni tano, na Wazungu hawakufika hata elfu thelathini na moja. Milioni tano kwa sauti moja. Elfu thelathini kwa sauti kumi na moja. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu wa Oxford kuieleza.

Mwaka 1948 Baraza lilibadilishwa. Wajumbe wasio maofisa wakawa wengi kuliko maofisa kwa mara ya kwanza, na Spika akawekwa kuongoza mikutano badala ya Gavana. Wajumbe Waafrika wakawa wanne, miongoni mwao Bwana Mathu, Bwana B. A. Ohanga wa Nyanza, na Bwana James Jeremiah wa Pwani. Hata hivyo wanne hao walikuwa wachache sana, na wote waliteuliwa. Waliposhikamana na wajumbe wa Kihindi katika jambo fulani, waliweza kuleta upinzani wa kusikika. Walipobaki peke yao, walijua hesabu kabla ya kura kuanza.

Kwa hiyo mtu akifungua Hansadi ya miaka ile na kuhesabu mara ambazo mjumbe Mwafrika alishinda kwa kura, atafunga kitabu upesi na kusema kwamba kazi ilikuwa bure. Atakuwa amekosea, na mambo mawili matatu yatamwonyesha.

KIPANDE

La kwanza ni kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushikwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na cheti chenye alama za vidole vyake, na majina ya mabwana aliowatumikia, na cheti hicho alikitia katika kikebe cha chuma akakivaa shingoni. Wazee waliokivaa walisema kwamba kilimfanya mtu ajione kama mbuzi mwenye kengele. Mtu akitoka kazini bila bwana wake kutia sahihi, alikuwa na kosa la jinai. Kwa mataifa mengine hapakuwa na kitu kama hicho.

Bwana Mathu na wenzake walilifuata jambo hili ndani ya Baraza na nje yake, na mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa mataifa yote, bila kujali rangi. Hapo yakatokea mambo ya kustaajabisha. Wazungu wengi walipoelewa kwamba na wao watatiwa wino vidoleni, walikasirika, wakafanya mikutano na kusema kwamba ni aibu kumtendea mtu mwungwana kama mhalifu. Maneno waliyoyasema yalikuwa yale yale ambayo Waafrika walikuwa wameyasema kwa miaka thelathini, ila sasa yalisikiwa. Serikali ikamleta Sir Bertrand Glancy kuchunguza, na mwaka 1950 akashauri kwamba mtu ajuaye kusoma na kuandika aweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Hivyo njia ikapatikana ya kumtofautisha tena mtu na mtu. Lakini kikebe cha shingoni kiliondoka.

Je, hili lilikuwa tunda la kura ya mtu mmoja? Sivyo. Lilikuwa tunda la madai ya watu wengi, ya maombi, ya mikutano na ya hasira. Lakini ilitakiwa awepo mtu ndani ya nyumba ya kuuliza: Kwa nini huyu avae na yule asivae? Mpaka jibu likose.

KARATASI MBILI

La pili ni lile la Karatasi Nambari 191 na Nambari 210, nalo ni somo zuri la jinsi ya kuyasoma mambo ya Baraza. Baada ya vita, Serikali ya Uingereza ilitaka kuunganisha kazi za Kenya, Uganda na Tanganyika, kama reli, posta na forodha, chini ya baraza moja la Afrika ya Mashariki. Mwezi Desemba 1945 ikatolewa Karatasi Nambari 191, ambayo ilisema kwamba katika baraza hilo Waafrika, Wahindi na Wazungu wasio maofisa watakuwa na viti sawa. Waafrika wengi waliona kwamba huo ni mwanzo mwema. Walowezi wa Kizungu wakapiga kelele. Mwaka 1947 ikatolewa karatasi nyingine, Nambari 210, na ule usawa ukawa umepunguzwa kwa faida ya Wazungu.

Bwana Mathu aliipinga hiyo ya pili. Waafrika na Wahindi nje ya Baraza waliipinga kadhalika. Haikuzuilika, na mwaka 1948 mpango ukaanza. Lakini mtu aliyefuata maneno ya pande zote alijifunza jambo: kwamba ahadi ya Serikali yaweza kugeuzwa kati ya nambari moja na nyingine, na kwamba kura ya "La", hata ikishindwa, huwa ushahidi wa nani alikuwa wapi siku ahadi ilipogeuzwa.

MGOMO WA MOMBASA

La tatu halimo katika Hansadi kwa sehemu kubwa. Mwezi Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Wapagazi wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, watu wapatao elfu kumi na tano waliacha kazi kwa siku karibu kumi na mbili. Chakula kilikuwa ghali baada ya vita, vyumba vilikuwa haba, na mshahara ulikuwa haukui. Bwana Mathu alishuka Mombasa akasema nao. Akawaambia warudi kazini, na kwamba mahakama ya uamuzi itaundwa kusikiliza madai yao. Wakamsikiliza, wakarudi. Mahakama ikakaa chini ya Jaji Thacker, ikatoa nyongeza kwa wengi wao.

Watu hawakuafikiana juu ya tendo hili, na mpaka leo hawaafikiani. Wengine husema kwamba mjumbe aliwaokoa wafanyakazi na njaa, akawapatia walichokitaka bila damu. Wengine husema kwamba aliwavunja nguvu wakiwa karibu kushinda, na hutaja kwamba kiongozi wao, Bwana Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka ule ule akapelekwa Baringo kukaa kizuizini. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Jambo lisilo na shaka ni kwamba kitabu cha maswali na kura, peke yake, hakimtoshi mtu anayetaka kumpima mjumbe. Mengine hufanyika uwanjani.

KITI CHA NDANI

Mwaka 1952 Bwana Mathu aliingizwa katika Halmashauri ya Utendaji ya Gavana. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kufika huko. Kwa cheo ilikuwa hatua kubwa. Kwa mjumbe wa watu ilikuwa mtego. Anayeingia katika halmashauri ya namna hiyo huapa kutunza siri. Husikia mambo kabla ya wengine, na pengine huweza kuyageuza kabla hayajatoka, lakini hawezi kuja Riruta akawaambia watu: Nilikataa hili na lile. Uamuzi ukitoka, ni uamuzi wa wote waliokuwamo.

Na mwaka ule haukuwa mwaka wa kawaida. Tarehe 24 Agosti 1952 palikuwa na mkutano mkubwa Kiambu, na Bwana Mathu alisimama jukwaa moja na Bwana Jomo Kenyatta, Bwana Harry Thuku na Chifu Waruhiu kusema dhidi ya Mau Mau. Tarehe 7 Oktoba Chifu Waruhiu aliuawa kwa risasi. Tarehe 20 Oktoba Hali ya Hatari ikatangazwa, na Bwana Kenyatta akakamatwa. Maelfu ya watu wakatiwa kizuizini, vijiji vikahamishwa, na mjumbe aliyekuwa mkweli katika maswali yake akajikuta kati ya watu walioona kwamba anasema taratibu mno na Serikali iliyoona kwamba anasema mno. Yote aliyoyasema nyuma ya mlango wa Halmashauri hayakuwafikia waliomhitaji kuyasikia.

Ni haki kusema kwamba hata Hansadi ya miaka hiyo inamwonyesha akiendelea kusimama. Lakini kitabu kile kilisomwa na wachache. Wengi walimhukumu kwa kuona alikoketi.

UCHAGUZI WA 1957

Mwezi Machi mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8. Kura zenyewe hazikuwa sawa: kwa mpango uliotokana na ripoti ya Bwana Walter Coutts, mtu aliweza kupewa kura moja, mbili au tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake na utumishi wake. Na katika Jimbo la Kati, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila kupewa cheti cha utii. Wakikuyu wengi hawakukipata. Wameru walikuwa na wapigaji kura wengi zaidi.

Bwana Mathu alisimama Jimbo la Kati. Akashindwa na Bwana Bernard Mate wa Meru. Katika wajumbe Waafrika walioteuliwa siku za nyuma, mmoja tu alirudi kwa kura, naye ni Bwana Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Mjini Nairobi alishinda Bwana Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi. Wajumbe wapya wanane walianza kazi kwa kukataa kuingia Serikalini kama mawaziri mpaka viti vya Waafrika viongezwe. Walikuwa wamemtazama mtu wa Riruta na kujifunza neno juu ya kile kiti cha ndani.

Je, watu walimtoa kwa sababu ya kura zake Barazani? Hakuna ajuaye kwa hakika, kwa maana wengi waliokuwa na la kusema juu yake, watu wa Kiambu na wa Dagoretti, hawakuwa na cheti cha kuwaruhusu kulisema. Hili ni jambo la kusikitisha katika habari yote. Aliteuliwa bila kuulizwa watu wake, na akaondolewa bila wengi wao kuulizwa.

Baadaye alifanya kazi Addis Ababa katika Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, na Kenya ilipopata uhuru alirudi, akafanya kazi Ikulu chini ya Rais Kenyatta. Alifariki mwaka 1993.

KITABU KIKO WAPI

Tangu siku zile mambo mengi yamebadilika. Riruta haimo tena katika Kiambu. Ni sehemu ya Nairobi, katika jimbo la uchaguzi la Dagoretti Kusini. Watu wa Dagoretti, kama wenzao wa Westlands, wa Kangemi na wa Parklands, humchagua mbunge wao wenyewe, kila mtu mzima kwa kura moja iliyo sawa na ya jirani yake. Katiba ya mwaka 2010 husema kwamba mbunge akikosa vikao vinane vya Bunge katika kipindi kimoja, bila ruhusa ya Spika kwa maandishi na bila udhuru wa kutosha, hupoteza kiti chake. Mjadala husikika redioni na kuonekana katika televisheni. Desturi ya kuuliza na kujibu imekuwa na historia yake: mawaziri walipokoma kuwa wabunge kwa Katiba hiyo, palipita miaka ambayo maswali yalijibiwa katika kamati tu, mpaka mwaka 2023 walipoanza kuja mbele ya Bunge zima kujibu.

Lakini kazi ya msomaji ni ile ile. Ayatazame mambo matatu ya mjumbe wake: alikuwapo? aliuliza nini? na majina yalipoandikwa, lake liliandikwa upande gani? Wako wapigaji kura wanaomjua mbunge wao kwa mchango alioutoa mazishini au kwa gari lake tu, na hawajapata kuuliza hata mara moja jinsi alivyopiga kura juu ya kodi wanayolipa kwa unga na mafuta. Haifai kuwacheka. Miaka mingi kitabu hicho kiliwekwa mbali nao.

Mtu wa Nairobi anayetaka kuona mwanzo wa habari hii hahitaji kwenda mbali. Katika mtaa wa Banda, karibu na msikiti wa Jamia, iko maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ndani yake yamewekwa magazeti ya zamani na kumbukumbu za Baraza. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu, na ilifunguliwa kwa watu wote Baraza la Mji lilipoichukua mwaka 1962, miaka mitano baada ya Bwana Mathu kukitoka kiti chake.